Integrity na uadilifu: je, ni neno moja?

Katika kusifu viongozi, Kiingereza hutumia sana neno *integrity*. Kwa kawaida tunalifasiri kuwa “uadilifu”, lakini asili za maneno haya mawili hazilingani. *Integrity*, sawa na *intégrité* ya Kifaransa, latoka katika Kilatini *integer*: kitu kizima, kisichopungua. Uadilifu watoka katika Kiarabu *adl*, yaani haki. La kwanza lauliza: je, kiongozi ni yule yule hadharani na faraghani? La pili: je, anawatendea watu haki?

Basi mfasiri atazame muktadha. Panapozungumzwa rushwa, “uadilifu” watosha. Panapozungumzwa ahadi zilizovunjwa, tuseme: “maneno yake na matendo yake ni kitu kimoja”. Ni kirefu, lakini mpiga kura atajua kiongozi anapimwa kwa lipi.