Simu ya kijana, shamba la mama: Programu ya chuo kikuu inayosoma majani ya muhogo

Katika nyumba nyingi za Pwani, Tanga, Mtwara na kandokando ya Ziwa Victoria, simu janja iko kwa kijana na shamba la muhogo liko kwa mama. Kijana anajua kupakua programu. Mama anajua shina lipi lilizaa vizuri mwaka jana na lipi lilitoa mizizi myembamba kama vidole. Mara nyingi kila mmoja anabaki na ujuzi wake.

Wiki hii tunazungumzia kitu kinachoweza kuwakutanisha: programu iliyotengenezwa na watafiti wa chuo kikuu kisha ikatolewa bure kwa wananchi wa kawaida. Inaitwa PlantVillage Nuru. Unaielekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, nayo inatafuta dalili za magonjwa na kukuambia imeona nini.

Kabla hujamkabidhi mwanao simu aende shambani, ni vizuri kujua programu hii ilitoka wapi, inaweza nini na inashindwa wapi.

Ugonjwa unaojificha ardhini

Muhogo una maadui wawili wakubwa wanaotokana na virusi. Wa kwanza ni batobato. Majani huwa na mabaka ya njano na kijani, hujikunja na kudumaa. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania.

Wa pili ni michirizi ya kahawia, nao ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa Amani, Tanga. Huu ndio unaoliza familia. Shina linaweza kusimama vizuri, majani yakawa mengi, mkachuma kisamvu bila wasiwasi. Siku ya kuvuna, mzizi unakatwa na ndani kuna madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyofaa kupikwa wala kukaushwa kuwa makopa. Chakula cha miezi kinatupwa kwa asubuhi moja.

Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na pia huenezwa na sisi wenyewe tunapokata pingili kwenye shina lenye ugonjwa na kuzipanda au kumpa jirani. Shina likishaambukizwa virusi, hakuna dawa ya kupulizia itakayoliponya. Kwa hiyo uamuzi mkubwa ni wa kuchagua mbegu, na uamuzi huo unahitaji mtu anayeweza kusoma dalili mapema, kabla ya mavuno.

Kutoka maabara hadi mfukoni

Vyuo vikuu hutengeneza programu nyingi za utafiti, na nyingi huishia kwenye kompyuta za wale wale walioziandika. Mara chache hutoka nje. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilisambaza programu ya SETI@home kwa watu waliokuwa na kompyuta nyumbani, ili mashine zao zisaidie kuchambua mawimbi ya redio kutoka anga za mbali. Pale mwananchi alikisaidia chuo. Kwa Nuru, chuo kinajaribu kumsaidia mwananchi, na kazi yenyewe ni ngumu zaidi, kwa sababu jibu likiwa baya anayeumia ni mkulima.

PlantVillage ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Kwa upande wa muhogo, watafiti wake walishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA. Walikusanya picha za majani katika mashamba ya Tanzania, wataalamu wakaeleza kila picha ina ugonjwa gani au ni nzima, kisha kompyuta ikafundishwa kwa picha hizo. Ni kama mtoto anavyojifunza herufi: anaonyeshwa “a” mara nyingi, zilizoandikwa kwa miandiko tofauti, mpaka akiiona popote anaitambua.

Kuitoa nje kulikuwa na vikwazo vyake. Mashamba mengi hayana mtandao, kwa hiyo programu ilipunguzwa ikatosha ndani ya simu ya Android na kufanya kazi bila intaneti. Bando linahitajika wakati wa kuipakua, lakini ukiwa shambani kamera inatosha. Kikwazo kingine ni lugha, na Nuru inatumia Kiswahili pia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo lilishirikiana na chuo hicho mwaka 2018 kuitumia programu hiyo hiyo dhidi ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi.

Jani moja halitoshi

Hapa ndipo kila familia inapaswa kusoma kwa makini.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kompyuta yao: ilipopewa picha za muhogo ambazo haikuwahi kuziona, ilipata kwa jumla asilimia 93. Ukisikia namba hiyo peke yake utadhani kazi imekwisha. Lakini picha iliyopigwa na mtafiti si sawa na jani linalopeperushwa na upepo saa saba mchana, mkono ukitetemeka na kioo cha kamera kikiwa na vumbi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru yenyewe katika mazingira ya shamba. Kwa jani moja, ilipata asilimia 65. Walipoongeza majani hadi sita kwa kila shina, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Katika utafiti huo huo, maofisa ugani walitambua dalili kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima kwa asilimia 18 hadi 31.

Namba hizi zinasema mambo mawili. Kwanza, simu inaweza kweli kumsaidia mama, maana kutambua magonjwa haya kwa macho ni kugumu hata kwa waliosomea. Pili, kijana anayepiga jani moja na kurudi nyumbani akisema, “Mama, simu imesema shamba ni zima,” amefanya kazi nusu. Hata kwa majani sita, jibu linaweza kukosea. Asing’oe shina kwa jibu la jani moja, na asikate mbegu kwa jibu la jani moja.

Namna ya kuitumia kama familia

Nendeni wawili, mwenye simu na mwenye shamba. Wakati mzuri ni kabla ya kukata pingili za msimu ujao, muhogo ukiwa bado na majani ya kutosha.

Mama achague mashina anayoyategemea kwa mbegu, kijana ayapime. Kila shina lipimwe kwa majani sita, si yote ya juu. Dalili za michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, ambako njano hufuata mishipa ya jani. Batobato huonekana vizuri kwenye majani machanga. Mkimaliza majani, tazameni na shina lenyewe, maana michirizi ya kahawia huweza kuonekana kwenye sehemu ya kijani ya shina.

Shina lililoonyesha dalili lifungwe kitambaa au kamba, ili siku ya kukata mbegu lisichanganywe na mengine. Siku ya kuvuna, kateni mizizi yake na kuitazama. Hapo mtajua simu ilisema kweli au la, na macho ya wote wawili yatakuwa yamejifunza.

Mkikuta dalili kwenye mashina mengi, mwiteni ofisa ugani mumwonyeshe shamba pamoja na majibu ya simu. Huenda ushauri ukawa kuanza upya na mbegu safi. Aina zinazovumilia michirizi ya kahawia zipo, Kiroba ikiwa mojawapo. Ulizeni kituo cha TARI kilicho karibu, au wazalishaji wa mbegu wanaotambuliwa na TOSCI, badala ya kununua mzigo wa pingili ambao hamjui ulikotoka.

Tahadhari kwa wazazi

Programu ipakuliwe kutoka duka rasmi la programu la simu yenu. Msikubali kurushiwa na mtu kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp, kwa kuwa faili lenye jina hilo hilo linaweza kuwa na kitu kingine kabisa ndani yake. Someni ruhusa zinazoombwa. Kamera ni lazima, maana ndiyo jicho lake. Ruhusa nyingine yoyote mzazi aulize ni ya nini kabla ya kijana kubonyeza kukubali. Na yeyote akidai malipo ili awawekee, mjue anauza kitu ambacho wenyewe hawakiuzi.

Kumbukeni pia kwamba programu za vyuo vikuu huishi kwa fedha za miradi. Mradi ukiisha, programu inaweza kukaa muda mrefu bila kurekebishwa, na simu mpya zikaja zisizoifungua vizuri. Hii ndiyo sababu ya kutomwachia kijana kazi yote. Kila anapoonyesha jani kwa kamera, mama aliangalie kwanza aseme anaona nini, ndipo simu ijibu. Baada ya msimu mmoja au miwili ya kulinganisha hivyo, mtu aliyekuwa anaona njano ya jani na kulaumu jua ataweza kutofautisha batobato, michirizi na utitiri wa kijani kwa macho yake.

Na kijana atakuwa amefaidi pia. Atajua kuwa simu ile ile ya muziki na picha inaweza kulinda ugali wa nyumbani, na kwamba jibu la mashine hulinganishwa na shamba kabla ya kuaminiwa. Mvua zikikaribia, kabla panga halijagusa shina la kwanza la mbegu, tengeni asubuhi moja mwende wote wawili.