Kilombero: mtumbwi kwanza, nyumba baadaye

Wenye mitaji midogo wanaotupia macho utalii wa maji bonde la Kilombero wasiwe na haraka ya kujenga ukingoni. Ni kweli njia imefunguka: daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 limeondoa foleni ya pantoni kati ya Ifakara na Mahenge. Lakini tambarare, Mchombe ikiwamo, hufurika masika. Tena bonde ni eneo oevu la Ramsar tangu 2002.

Ushauri wetu: anza na mitumbwi ya kukodisha kiangazi, Juni hadi Oktoba, wageni watazame viboko na ndege. Malazi yawe Ifakara mjini. Kabla ya kulipia kiwanja, ulizia mipaka ya hifadhi ofisi ya ardhi. Mtumbwi huhamishika, nyumba ikifurika, deni halihami.