Nani yumo katika hatari ya kupatwa na bayopola?

MWANAFUNZI wa chuo anakesha siku nne mfululizo. Anazungumza kwa kasi, anagawa pesa za karo kwa marafiki, anaahidi kufungua kampuni tatu na hahisi uchovu wowote. Miezi michache baadaye, kijana huyo huyo hawezi kuondoka kitandani, na anaona heri kifo. Jamaa zake wanagawanyika: wapo wanaoshikilia kuwa amerogwa, na wapo wanaosema ni ukaidi wa ujana.

Huenda wote wamekosea. Hali kama hiyo ni dalili ya bayopola, maradhi ya akili ambayo humpandisha mgonjwa hadi kilele cha msisimko, kisha yakamtumbukiza katika huzuni kuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 40 waliishi na maradhi haya mwaka wa 2019.

Kisababishi kikuu kinachojulikana ni nasaba. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa toka nitoke anaugua bayopola huwa na uwezekano wa takriban asilimia 5 hadi 10 wa kupatwa nayo, ilhali miongoni mwa watu kwa jumla kiwango hicho ni kati ya asilimia 1 na 2.

Hata hivyo, urithi si hukumu. Pacha wanaofanana huwa na jeni zilezile, lakini mmoja akiugua, si lazima mwenzake augue. Wala hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 2025 ulibainisha sehemu 298 za jenomu zinazohusiana na maradhi haya, kila moja ikichangia kidogo tu. Kwa kuwa data nyingi za awali zilitokana na watu wenye asili ya Ulaya, Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini zimeshiriki katika utafiti wa NeuroGAP ili jeni za Waafrika pia zichunguzwe.

Jambo la pili ni umri. Aghalabu dalili hujitokeza mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa utu uzima, yaani wakati kijana anapoondoka nyumbani, anaanza masomo ya juu au kutafuta kazi. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni utundu wa kawaida.

Tatu ni mateso ya utotoni. Watoto waliopigwa, walionajisiwa au waliotelekezwa huwa katika hatari kubwa zaidi ukubwani. Misiba na misukosuko mizito, kama vile kufiwa au kuvunjika kwa ndoa, nayo huweza kuamsha maradhi kwa aliye na mwelekeo huo.

Nne ni ulevi. Matumizi ya bangi yamehusishwa na kuzuka kwa vipindi vya msisimko uliopita kiasi, hali kadhalika kokeini na dawa nyingine za kuchangamsha mwili. Kukosa usingizi pia ni hatari. Anayekesha usiku baada ya usiku, iwe kwa sababu ya mitihani, zamu za kazi au kutafuna miraa, huutikisa mpangilio wa ubongo wake.

Kina mama nao wanahitaji uangalizi. Majuma machache baada ya kujifungua ni kipindi ambacho bayopola huweza kuzuka kwa mara ya kwanza, au kurejea kwa ukali kwa aliyewahi kuugua.

Lipo pia kosa linalofanyika kwenye matibabu. Mgonjwa aghalabu humwendea daktari akiwa na huzuni, wala hazitaji zile siku alizojiona mfalme. Akipewa dawa za kuondoa huzuni pekee, huweza kurukia msisimko. Kwa hivyo, ni muhimu kumweleza daktari historia yote, pamoja na ya ukoo.

Bayopola hutibika, ingawa si kwa siku moja. Lithiamu, ambayo manufaa yake yaliripotiwa na daktari John Cade wa Australia mwaka wa 1949, ingali miongoni mwa dawa zinazotegemewa, na hupunguza hatari ya mgonjwa kujitoa uhai. Iwapo katika ukoo wenu yupo aliyeugua, msimfiche. Walindeni vijana dhidi ya mihadarati, wahimizeni walale vya kutosha, na mabadiliko yakitokea, wapelekeni hospitalini mapema.