Je, Wajua? Hesabu za Halmashauri na Kaunti

Umenunua umeme wa LUKU mwezi huu? Basi huenda umelipa kodi ya jengo! Tangu 2021 Tanzania huikata kodi hiyo kwenye mita: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Mpangaji, sogea hapa: kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, si wewe.

Je, wajua wilaya za Tanzania Bara ziliwahi kukaa miaka 12 bila halmashauri? Zilivunjwa 1972, na za mijini zikafuata muda mfupi baadaye. Miji ikachakaa, kipindupindu kikazuka. 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, lakini wilaya zilingoja hadi 1984. Miaka 12! Mtoto aliyezaliwa halmashauri ikifungwa alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi ilipofunguliwa.

Muulize babu kuhusu kodi ya maendeleo, ile ya kichwa. Atakusimulia jinsi watu walivyotoroka mgambo wakija, wengine wakalala porini. Bajeti ya Juni 2003 iliifuta.

Una magunia 9 ya mahindi ya kilo mia mia unayavusha wilaya ya pili? Pita! Mabadiliko ya 2017 yaliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani 1. Ushuru wenyewe ulikuwa asilimia 5. Ukashushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula.

Hili la migodi litakushangaza. Mikataba ya zamani ya migodi mikubwa ya dhahabu iliweka malipo kwa halmashauri kuwa dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande bei isipande. Ushuru wa huduma wa kawaida ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Piga hesabu mwenyewe: mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 500, hiyo 0.3 ni dola milioni 1.5. Zaidi ya mara saba!

Halmashauri yako ikipata shilingi bilioni 1 ya mapato yake ya ndani yasiyo na masharti, milioni 100 ni za mikopo isiyo na riba. Milioni 40 za wanawake, 40 za vijana, 20 za watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria tangu 2018, ndugu yangu, si hisani ya diwani.

Tuvuke mpaka. Katiba ya Kenya inazipa kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hupigwa kwa mapato ya karibuni yaliyokwisha kukaguliwa na kupitishwa na Bunge. Yaani mgao wa leo waweza kupimwa kwa makusanyo ya miaka iliyopita!

Na wajua maseneta 3 walikamatwa na polisi Agosti 2020, katikati ya mvutano wa fomula ya kugawa fedha hizo? Muafaka ulipatikana Septemba: fomula mpya ingoje mpaka fungu la kaunti lifike shilingi za Kenya bilioni 370, ili kaunti yoyote isipunguziwe.

Sasa shika hili. Mwaka 2021/22 Nairobi ilitengewa takriban bilioni 19.2, Lamu bilioni 3.1. Unaona Lamu imeonewa? Igawe kwa vichwa vya sensa ya 2019: mkazi wa Nairobi anaangukiwa na shilingi kama 4,400, wa Lamu zaidi ya 21,000! Siri mojawapo: sehemu ya fungu iligawanywa sawa kwa sawa, kaunti kubwa na ndogo.