Divisheni Moja, Pointi Mbalimbali: Vigezo vya Kuingia Chuo Kikuu



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, baraza ya madrasa yetu hujaa vijana waliosoma hapa, pamoja na wazazi wao, wakija kuuliza waombe kozi gani. Safari hii tumeona tuandike mapema, hasa kwa nyinyi mlio kidato cha nne, kwani mengi tunayoulizwa siku hizo huwa yalishaamuliwa zamani.

Tuanze na jambo linalowaumiza wengi. Mwaka mmoja kijana wetu alipata Divisheni III ya pointi 15. Nyumbani kwao ikasomwa dua, pilau ikapikwa. Alipoomba chuo akakataliwa, na jirani yake mwenye Divisheni III ya pointi 15 vilevile akachukuliwa. Mtaani wakasema kuna kujuana. Hapakuwa na kujuana. Palikuwa na hesabu mbili tofauti.

Baraza la Mitihani (NECTA) hupata divisheni kwa masomo matatu, ambapo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hapo pointi chache ndiyo sifa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Mwombaji anatakiwa awe na pasi kuu mbili, yaani E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi anayoiomba.

Sasa tazameni. Kijana wetu alikuwa na E tatu. Kwa NECTA ni 15. Kwa TCU masomo yake mawili yanampa pointi 2 tu. Jirani alikuwa na D mbili na F moja. Kwa NECTA ni 15 pia, lakini kwa TCU ni pointi 4. Aliyefeli somo moja akaingia, asiyefeli hata moja akabaki nje! Sisi wenyewe tulirudia hesabu mara mbili kabla ya kukubali. (Kaka na dada zenu waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao ya peke yake, ambapo C ni 2 na D ni 1, basi wasijipime kwa hii.)

Hata hivyo, pointi 4 ni mlango wa nje tu. Ndani kila kozi ina mlango wake. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Kwa hiyo aliyesoma CBG, hata akipata A tatu, hawezi kuuomba, kwa kuwa hana Fizikia. Uhandisi wa ujenzi au umeme unatazama Hisabati ya Juu na Fizikia, na hapo mwenye PCB ndiye anayekwama. Kozi nyingi za biashara humrudisha mwombaji hadi kwenye Hisabati ya kidato cha nne ikiwa huko juu hakuisoma. Basi mnapojaza Selform na kuchagua tahasusi, jueni kwamba mnachagua na kozi. Na kutimiza vigezo si kupata nafasi: waombaji wakiwa wengi, chuo huchukua wenye alama za juu kwanza.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi wa madrasa zaidi ya wengine. Wengi wenu hufanya vizuri sana katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, alhamdulillah. Lakini vyuo vya kati vinapodai pasi nne za kidato cha nne ili uanze cheti, masomo ya dini hayahesabiwi. Mwenye pasi nne, moja ikiwa ya dini, kwao ana tatu. Kiarabu ni somo la lugha, hilo linahesabiwa.

Njia ya vyuo vya kati tusiidharau. Mwenye stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 na pasi nne za kidato cha nne anaruhusiwa kuomba shahada inayohusiana na alichosomea.

Na yule kijana wa E tatu? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi, ambayo inampokea mwenye angalau pointi 1.5 katika masomo mawili. Yeye alikuwa nazo 2. Akimaliza kwa GPA ya 3.0, na angalau C katika masomo matatu ya fani yake, anaweza kuomba shahada. Alipotujia mara ya pili, fomu alikuwa ameshaijaza. Alitaka tumsomee tu kama hajakosea.