Treni ya Kwanza katika Mji wa Matofali

Askari arudipo likizoni kutoka kituo cha mbali, au kutoka kazi ya kulinda amani katika nchi za nje, hupenda kuwaletea watoto wake kitu cha kuwafurahisha. Katika maduka ya miji mikubwa na ya viwanja vya ndege huonekana maboksi ya matofali ya kuchezea yaitwayo LEGO, na miongoni mwa makubwa yake ni lile la treni. Wako ndugu zetu wa jeshi na wa polisi ambao tayari wana mji mdogo juu ya meza nyumbani, wenye nyumba mbili tatu, kituo cha polisi na gari la zimamoto, na sasa mtoto anauliza treni itapita wapi. Boksi hilo si la bei ya peremende. Kwa sababu hiyo tumeonelea vema tueleze leo namna ya kuichagua treni ya kwanza, kwani wengi huichagua kwa uzuri wa kichwa chake, hali jambo la kutazamwa kwanza ni reli zake na nguvu inayoiendesha.

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, nchini Denmark, na mwaka 1932 alianza kuunda vitu vya kuchezea vya mbao. Jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri", lilianza kutumika mwaka 1934. Tofali la plastiki kama tulijuavyo, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza tarehe 28 Januari, 1958. Treni ya umeme ilifuata mwaka 1966, ikipita juu ya reli za rangi ya buluu na kuendeshwa kwa betri za volti 4.5.

Tangu hapo mambo yamebadilika mara nyingi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayomtia mnunuzi hasarani. Mwaka 1969 zilitoka treni za volti 12, zilizopata umeme kutoka ukutani kwa njia ya vyuma viwili vilivyolazwa katikati ya reli. Mwaka 1980 aina hiyo iliboreshwa kwa reli za kijivu, na mchezaji akaweza kuchepusha njia na kuwasha ishara akiwa amekaa mbali. Mwaka 1991 zikaja treni za volti 9, ambazo reli zenyewe zilivikwa chuma na kuchukua umeme. Mwaka 2006 kampuni ilirudi kwenye betri na reli za plastiki tupu, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba treni za volti 9 zimekwisha. Watu waliokuwa wamejaza vyumba vizima reli za chuma walibaki wakitafuta vipuri vikuukuu kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2009 ilikuja aina iliyoitwa Power Functions, iliyoongozwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na mwaka 2018 ikaja Powered Up, inayoongozwa kwa mawimbi ya Bluetooth.

Katika misukosuko yote hiyo, kitu kimoja hakikuguswa, nacho ni upana wa reli. Behewa la mwaka 1966 laweza kuvutwa leo juu ya reli mpya bila kuanguka. Lakini mota si behewa. Mota ya volti 9 iliyozoea kunyonya umeme kutoka relini, ukiiweka juu ya reli ya plastiki, haitasogea hata hatua moja. Basi askari aliye masomoni Ulaya, akionyeshwa treni kuukuu ya bei nafuu katika duka la vitu vilivyokwisha tumika, na aulize kwanza: inapata nguvu kutoka wapi, na je, reli zake zote zimo? Kama jibu ni reli za chuma, na mwenye duka anazo vipande vinne tu, heri amwachie mwenyewe.

Kwa maoni yetu treni ya kwanza na iwe ile iliyo kamili ndani ya boksi moja, yaani yenye mota, kisanduku cha betri, rimoti na reli za kutosha kuzunguka. Katika aina ya Powered Up ziko mbili za mwaka 2018 zilizo mfano mzuri. Ile ya abiria, yenye namba 60197, ina vipande 677, na ilipotoka iliuzwa Marekani kwa takriban dola 160. Ile ya mizigo, namba 60198, ina vipande 1,226 na reli nyingi zaidi, na bei yake ilikuwa takriban dola 230. Mwaka 2022 zilifuatwa na nyingine mbili, ya abiria namba 60337 na ya mizigo namba 60336. Ifahamike kwamba kampuni huyaondoa maboksi yake sokoni baada ya miaka michache, na baada ya hapo wachuuzi hupandisha bei wapendavyo.

Je, tuchague ya abiria au ya mizigo? Ya abiria ni nzuri ikipita, lakini baada ya mizunguko ishirini mtoto humaliza kuitazama. Ya mizigo ina kazi: kuna kitu cha kupakia, cha kupakua na cha kuhesabu, na behewa laweza kuachwa pembeni na kufuatwa baadaye. Askari aliyewahi kusimamia shehena stesheni ataelewa mara moja. Mwenye fedha za moja tu, na mwenye watoto wawili watakaogombania rimoti, sisi twamshauri achukue ya mizigo, mmoja awe dereva na mwingine mpakiaji.

Kuna mtego mwingine. Kampuni hutoa pia treni za fahari kwa ajili ya watu wazima. Kichwa cha Crocodile cha mwaka 2020 kiliuzwa bila mota, na mota na kisanduku chake vilinunuliwa mbali. Treni ya Orient Express ya mwaka 2023, yenye vipande 2,540, haikuundwa itembee kwa mota hata kidogo. Ni ya kuwekwa juu ya kabati. Upande wa pili ziko treni za Duplo za watoto wadogo. Hizo ni imara na salama kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, lakini reli zake haziungani na hizi tunazozieleza.

Sasa tuje kwenye meza, ambayo wanunuzi wengi huisahau hadi boksi limekwisha funguliwa. Reli za kupinda kumi na sita hufanya duara moja kamili, na duara hilo, kutoka ncha ya taruma hadi ncha ya taruma, lina upana wa sentimita 70 na kitu. Kila reli iliyonyoka ina urefu wa vinundu 16, sawa na milimita 128. Ukiongeza mbili upande huu na mbili upande wa pili, unapata njia ya mviringo yenye urefu wa sentimita 96. Kwa hiyo meza ya mita moja kwa sentimita 75 yatosha kwa shida, na ya mita moja na nusu huleta raha. Reli zilizonyoka sharti ziongezwe sawa pande zote mbili, la sivyo mviringo haufungi.

Ndani ya njia hiyo nyumba mbili zilizojengwa juu ya mabamba ya vinundu 32 kwa 32, yaani sentimita 25.6 kila upande, hukaa bila taabu. Lakini zisisogezwe karibu mno na reli, kwani behewa refu likipinda, tumbo lake huingia ndani na pembe zake hutoka nje. Ukuta uliojengwa mbele ya stesheni bila kupimwa huangushwa siku ya kwanza. Dawa ni rahisi: lisukume behewa refu kwa mkono, polepole, duara zima, kabla ya kujenga chochote.

Wako watakaouliza kama vipimo vya mji huu ni vya kweli. Upana wa reli ni kama milimita 37.5. Reli za Ulaya, na ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, zina upana wa milimita 1,435. Maana yake treni hii ni ndogo takriban mara 38. Mtu wa plastiki ana urefu wa sentimita nne, kwa hiyo angekuwa mtu wa mita moja na nusu, mfupi na mnene kupita kiasi! Na behewa lenyewe ni jembamba kuliko inavyostahili. Watoto hawajali, nasi hatuoni sababu ya kuwafundisha kujali. Wenzetu wa polisi watafurahi kusikia kwamba watu hao wadogo wenye mikono na miguu ya kusogea walipotolewa mwaka 1978, askari polisi alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Wa jeshi wasitafute vifaru. Kampuni hiyo hukwepa zana za vita vya siku hizi, na mwaka 2020 iliizuia ndege yake ya mfano wa V-22 Osprey kabla haijaanza kuuzwa.

Aina ya Bluetooth ina faida juu ya ile ya mwanga iliyoitangulia: treni ikiwa ndani ya handaki bado husikia amri, hali ile ya zamani ilitaka rimoti na treni zionane. Reli za plastiki nazo zina faida yake, kwani njia yaweza kujipinda na kurudi kujiunga yenyewe, ikageuza treni nzima, jambo ambalo katika reli za chuma huleta shoti.

Gharama inayobaki ni betri. Kisanduku cha treni hula betri sita ndogo za aina ya AAA, na rimoti nne, jumla kumi, nazo huisha upesi mtoto akiwa na bidii. Zile za kuchajiwa ndizo zifaazo nyumba ya askari, ingawa kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hata treni ikapunguza mwendo kidogo, jambo lisilodhuru chochote kwenye kona. Na baba au mama anapoitwa kazini kwa miezi kadhaa, na betri zitolewe zote kumi na kuwekwa kando, kwani betri ivujayo huozesha vyuma vya kisanduku, na kisanduku hicho peke yake si cha bei ndogo.