IST ya familia na vumbi la Kolwezi

Toka Manika hadi Dilala, Toyota IST na Vitz zimekuwa gari za familia. Ndizo zinapeleka watoto kwenye masomo, zinaleta gunia la unga toka soko, na mangaribi zinafanya taksi ili nyumba ipate chakula. Zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumika. IST za kwanza zilitoka Japani mwaka 2002. Basi nyingine zina umri kupita vijana wetu. Moteri yake inavumilia, lakini barabara zetu zinaichosha. Hata kama huendeshi, yafuatayo unaweza kuyaona na kuyasikia.

Filtri ya hewa. Wakati wa kiangazi malori ya madini yanarusha vumbi jingi. Filtri ikijaa, gari inakosa nguvu. Ikung'uteni mara kwa mara; ikichakaa, nunueni nyingine. Msikubali gari itembee bila filtri: mchanga utakwangua moteri ndani.

Mafuta ya moteri. Moteri hii inatumia mnyororo, si mkanda, na mnyororo unategemea mafuta safi. Kwa vumbi letu, ni vizuri kuyabadilisha kila kilometa 5 000. Yapimeni kila juma, asubuhi, moteri ikiwa baridi na gari ikisimama mahali tambarare.

Joto. Baadhi ya gari hizi hazina mshale wa joto, zina taa tu. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, simameni pembeni na kuzima moteri. Msifungue radiateri ingali moto. Maji yanayochemka yameunguza watu uso. Na maji ya bomba peke yake yanaleta kutu: tieni maji maalum ya radiateri.

Miguu ya mbele. Ukisikia "ko-ko-ko" kwenye mashimo, pengine ni amotisere au rotili. Amotisere iliyochoka inafanya gari irukeruke. Rotili ni hatari zaidi: ikichomoka, gurudumu linalala na shofere hawezi tena kuongoza.

Freni. Sauti ya chuma kukwaruza chuma wakati wa kusimama ni alama kwamba plaketi zimekwisha. Zikiachwa, zitaharibu diski pia, na gharama itaongezeka.

Milango. Usukani wa gari za Japani uko kuume, nasi tunatembea kuume. Kwa hiyo mlango wa kushoto unafunguka upande magari yanakopita. Watoto washuke kuume, kando ya barabara. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kuna kidude kidogo cha kufunga watoto: kifungeni upande wa kushoto, mlango hautafunguka toka ndani.

Mambo haya yote yanaanza na piesi ya bei ndogo. Vile tunavyotia pesa kwenye likelemba, kwenye pesa ya taksi ya kila juma tuweke kando kidogo kwa ajili ya garaji. Na shofere akisema "itafika tu", huku freni zinalia, gari ibaki nyumbani siku hiyo. Pesa ya siku moja tutaitafuta tena. Mtoto hatutampata mwingine.